Kereng'ende wa Saa Nne

Jina langu Josepha, lakini Kariakoo hakuna anayelijua. Wananiita Mama Lucky. Nauza ndoo, mabeseni na madumu, jumla na rejareja, na mdomo wangu unajulikana kuanzia kona yetu mpaka kwa wauza vitenge. Sijisifu, ndivyo nilivyo. Mteja akiniletea dharau namjibu palepale, na mpagazi akinikwangulia bidhaa kwa mkokoteni wake atatamani angepita mtaa mwingine. Kwa hiyo ukiwaambia watu wa mtaani kwamba nilishindwa kumwambia mzee wa watu neno moja, wiki mbili nzima, watakucheka. Watasema umekosea mtu, siyo Mama Lucky yule.

Mzee mwenyewe ni Natvarlal. Duka lake na langu yanatenganishwa na ukuta mmoja. Anauza vifungo, zipu na nyuzi, na amezaliwa ghorofani, juu ya duka hilohilo, ambako anaishi mpaka leo na mkewe, Bibi Shanta. Ni Wahindu, watu wa maua na sala asubuhi, nyama hawagusi. Mtoto wao mmoja yuko Kanada. Nilipohamia pale miaka mitatu iliyopita, jambo la kwanza nililofanya ni kucheka Kiswahili chake. Lafudhi yake jamani! Nilikuwa namuigiza mbele ya wateja, naye anacheka pamoja nasi. Sikufikiria hata siku moja kwamba huyu kazaliwa Kariakoo, na mimi nimeshuka kutoka Rombo nikiwa na miaka ishirini, Kiswahili changu cha darasani.

Bibi Shanta ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza na funguo, ukaenda kwenye majina, ukafika kwa mume. Ndani ya nyumba alikuwa anamwita Natvarlal "bwana fundi", anamuuliza bomba atamaliza kutengeneza lini. Mwanamke aliyeishi naye miaka arobaini na sita! Mzee anajibu, "Namaliza sasa hivi, mama," halafu anashuka dukani na kuanza kupanga vifungo ambavyo vilishapangwa.

Lakini Jumapili walikuwa na safari yao. Wanapanda bajaji, mzee kavaa kofia na darubini shingoni, wanashuka kwenye bonde la Msimbazi upande wa kuelekea Magomeni. Huko kulikuwa na bwawa dogo lenye matete. Wakirudi mchana, mzee anakuwa na uso mwingine kabisa.

"Leo kaniita Natu," aliniambia siku moja. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mara tatu, Mama Lucky. Kaniita Natu mara tatu."

"Huko mnafanya nini?"

"Tunaangalia kereng'ende. Nilimpeleka pale tulipokuwa wachumba. Tukifika, anarudi. Wakiondoka wale, na yeye anaondoka."

Sasa sikiliza, na kosa langu nalitaja mapema ili usihangaike kulitafuta. Kwetu Rombo kereng'ende ni ndege. Ni wa jamii ya kwale, shingo nyekundu, anajificha kwenye mahindi na kupiga kelele alfajiri mpaka mtu unaamka na hasira. Kaka yangu Anselmi alikuwa anawatega, tunawala na ndizi. Nikasema, kumbe mzee na mkewe wanapenda ndege. Darubini ile nayo ikanithibitishia. Mzee akisema "wekundu wameanza kuja", naona shingo nyekundu. Akisema "wanapenda kukaa kwenye matete", nasema sawa, wanajificha. Mara moja alisema wanataga majini, nikamwona mzee wa watu naye ameanza kuchanganyikiwa, nikamhurumia.

Mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zinamwagika, likabandikwa tangazo kwenye ofisi ya mtaa. Bonde linapangwa upya. Kuna mabwawa mawili: moja litaachwa liwe hifadhi ya ardhioevu, lingine litafukiwa kwa vifusi. Mwananchi mwenye sababu ya kutetea bwawa lolote aandike barua, wataalamu watakuja kuhakiki.

Natvarlal alikuja dukani kwangu na karatasi mkononi, ameandika mwenyewe. Nikaichukua, nikaisoma mstari wa kwanza, nikaiweka pembeni.

"Mzee, hii wataitupa. Hebu niachie mimi. Hii inataka Kiswahili cha ofisini."

"Nimeandika mambo yote muhimu," alisema. "Saa za kuja, mahali pa kusimama..."

"Na mimi nitaandika yote muhimu. Kwani wewe huniamini?"

Akaniamini. Nikaandika barua moja ya haja, mihuri tu ndiyo ilikosekana. Nilieleza kwamba bwawa la upande wa Magomeni ni makazi ya kereng'ende wengi, wa aina adimu, kwamba wazee wa mji wanawajua, kwamba kuwapoteza ni hasara kwa taifa. Chini nikaweka jina la mzee na namba ya simu yangu, maana yeye simu yake huisahau juu. Karatasi yake niliitumia kufungia kikombe cha mteja. Ndiyo, nimesema. Kikombe.

Katikati ya mwezi wa tano nikapigiwa simu. Kijana mwenye sauti ya upole, akajitambulisha kuwa Hashimu, kutoka kwa hao wataalamu.

"Shikamoo mama. Tunakuja kuhakiki wale kereng'ende wenu. Naomba kujua, wanaonekana vizuri saa ngapi?"

Nilikuwa nahesabia mteja madumu. Hata sikufikiri. "Marahaba mwanangu. Njooni alfajiri. Saa kumi na mbili, kabla jua halijapanda. Ndipo wanapolia."

"Wanalia?" akauliza.

"Wanalia hasa! Wewe wa mjini huwajui."

Akacheka, akasema asante mama, hapo umetusaidia. Kumbe na yeye kabla ya hapo hakuwa na uhakika kama barua inasema ndege au inasema kitu kingine. Mimi ndiye niliyemtoa wasiwasi. Nilikata simu nikajiona mtu wa maana, nikampigia kelele mzee kupitia ukutani: "Wanakuja! Nimeshawapanga!"

Jumapili iliyofuata mzee akanishika mkono. "Leo twende wote. Umetufanyia kazi kubwa, nataka uone ulichokitetea." Misa nilikuwa nimesali ya kwanza, sikuwa na kisingizio. Tukaondoka saa tatu na nusu. Nikamuuliza mbona tumechelewa hivyo, akashangaa. "Tumewahi," akasema.

Bwawa lenyewe halikuwa kitu cha kupigia picha. Kulikuwa na chupa za plastiki upande mmoja, kandambili moja inaelea, matete yamesimama, maji rangi ya chai ya rangi. Mzee akatusimamisha jua likiwa mgongoni mwetu. Bibi Shanta alikuwa anakokota miguu, anamuuliza fundi kama nyumbani wamefunga gesi.

"Tulia hapa," mzee aliniambia kwa kunong'ona. "Usiangalie juu. Watu wote wanakosea, wanaangalia juu. Angalia chini, usawa wa goti, pale tete linapotoka kwenye maji."

Nikaangalia. Sikuona ndege.

Jua likatoka vizuri nyuma ya wingu. Ghafla bwawa zima likawa linachemka vitu vidogo. Wekundu, wa bluu, wa njano. Wale wakubwa wanakwenda na kurudi njia ileile, wanapotua wametandaza mabawa. Wale wembamba, wembamba kama sindano ya kushonea, wanakaa kwenye tete wamefunga mabawa mgongoni. Mmoja akatua kwenye pindo la sari ya Bibi Shanta. Bibi akainama, akamtazama kwa muda. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mwenye duka:

"Natu. Bluu hii tuliishiwa. Namba kumi na nane, ya mashimo mawili. Uliagiza?"

"Niliagiza, Shanta," mzee akajibu. "Inakuja wiki ijayo."

"Usiwape wale wa Mchikichini zote."

"Siwapi."

Akamshika mkono mumewe, akaegemeza kichwa begani kwake. Nikageuza uso, nikajifanya napangusa jasho. Nililia, kwa nini nidanganye.

"Wazuri sana hawa wadudu, mzee," nikasema nilipoweza kusema. "Na kereng'ende wenyewe wako wapi?"

Natvarlal akanitazama akidhani namtania. "Hawa," akasema. "Hawa ndio kereng'ende. Kwani wewe ulidhani nini?"

Yesu na Maria! Nikamwona yule Hashimu na wenzake wamesimama palepale tulipo, saa kumi na mbili, baridi, giza bado linaning'inia, wanasubiri ndege wa Rombo walie.

"Hamna," nikasema. "Nilikuwa nacheza tu."

Mzee alikuwa na furaha, akaanza kunifundisha. Alfajiri huwezi kuwaona, alisema, wamejibanza ndani ya majani, mabawa yana umande, hawawezi kuruka mpaka wapate joto. Saa nne mpaka saa nane, hapo ndipo wako kazini. Siku ya upepo usije. Siku ya mawingu usije. Njoo wiki mbili, tatu baada ya mvua kubwa, watoto wao wanapopanda kutoka majini, wanajivua ngozi kwenye tete, na hilo gamba linabaki hapo limeng'ang'ania hata kama mwenyewe ameshaondoka. Ukimkosa mkubwa usimfukuze, simama hapohapo, atarudi. Kumbe ndiyo yale "mambo yote muhimu". Yale ya kwenye kikombe.

"Uliwaambia waje saa ngapi?" akaniuliza katikati ya maelezo, bila wasiwasi wowote.

Hapo ndipo. Ningeweza kusema. Mzee alikuwa anacheka, mkewe anacheka, jua limewaka, hakuna mahali pazuri zaidi pa kusema upumbavu wako. Lakini nikaiona sura yangu mtaani. Mimi niliyekuwa nacheka Kiswahili cha Mhindi, leo Mhindi ajue neno na mimi nisijue! Wauza vitenge wangenipigia makofi kila nikipita.

"Saa nne," nikasema.

"Safi kabisa," akasema Natvarlal.

Barua ikaja Jumatano, wiki ya pili baada ya siku ile ya bwawani, ikaletwa kwangu. Niliisoma nimesimama. Wataalamu walifika eneo husika saa kumi na mbili asubuhi kama walivyoelekezwa, hawakuona wala kusikia ndege aina ya kereng'ende. Kwa hiyo bwawa la upande wa pili ndilo litakalohifadhiwa. Asiyeridhika alete pingamizi ndani ya siku kumi na nne.

Siku kumi na nne! Ilikuwa ni kupiga simu tu. Mwanangu Hashimu, mimi mjinga, ni mdudu, siyo ndege, rudini saa nne siku ya jua. Dakika mbili. Nilishika simu mara ngapi sijui. Lakini Hashimu angetaka barua mpya, barua ingetaka saini ya mzee, na mzee angetaka kujua ya kwanza ilikuwa na nini. Nikaikunja, nikaitia chini ya droo.

"Wamejibu?" mzee aliuliza jioni ile.

"Wamekataa."

Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, taratibu. "Waliwaona, na bado wamekataa?"

"Wale watu wameshaamua kabla hawajaja, mzee. Unawajua."

"Nionyeshe barua."

"Nimeiacha nyumbani."

Hakuuliza tena. Angekuwa mtu wa kuuliza mara mbili ningesema, naapa. Lakini Natvarlal si mtu wa kumsumbua mtu. Aliuliza tu kama kuna mahali pa kukata rufaa, nikamwambia hakuna, na hapo nilimwangalia usoni kabisa. Siku zikaenda. Ya kumi nilisema kesho. Ya kumi na tatu nilipata homa, homa ya kweli, nikalala. Ya kumi na nne nilifungua duka saa moja, nikauza ndoo mpaka jioni, nikafunga.

Malori yalianza mwezi wa saba. Natvarlal aliyaona Jumapili yakiwa yamefukia nusu, akamrudisha mkewe kabla hawajashuka kwenye bajaji. Wiki zilizofuata alijaribu kwingine. Alimpeleka kwenye bwawa la bustani moja, akampeleka mpaka lile la upande wa pili lililohifadhiwa. Halina matete, limejengewa ukingo wa saruji. Bibi Shanta alisimama pale akauliza gari la kurudi linapita saa ngapi.

Mwezi wa nane mzee akasema anataka kwenda tena palepale. "Labda ni mahali," aliniambia. "Labda si kereng'ende. Labda ni kusimama pale tu." Nikasema naenda nao. Nisingeweza kukaa nyumbani.

Tulifika saa tano. Kulikuwa na uwanja wa udongo mwekundu na vipande vya matofali, umesawazishwa. Vijana walikuwa wameanza kuchezea mpira upande mmoja. Natvarlal alimwongoza mkewe mpaka katikati, akapima kwa macho, akasogea hatua mbili kushoto, akamsimamisha jua likiwa mgongoni. Alimshika mkono. Tukasubiri.

Bibi Shanta alitazama chini, usawa wa goti. Namhakikishia yeyote, alitazama palepale alipofundishwa. Akatafuta. Akageuka huku, akageuka kule, pumzi zikaanza kumpanda. Halafu akauona ule mkono uliomshika, akaufuata kwa macho mpaka usoni.

"Wewe nani?" akasema. "Niachie."

"Shanta, ni mimi. Natu."

"Niachie! Natu yuko dukani! Huyu mtu simjui! Nisaidieni!"

Bongo ukipiga kelele hivyo huhitaji kurudia. Mpira ulisimama. Walikuja kama kumi, wengine kutoka barabarani, na kabla sijafungua mdomo mmoja ameshamkaba mzee ukosi wa shati, kofia imeanguka, mwingine anauliza anampeleka wapi bibi wa watu. Natvarlal hakujitetea. Alikuwa bado anamtazama mkewe.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga hata Kariakoo. "Mwacheni! Ni mume wake! Mwacheni, mtaua mtu!" Nikamvuta yule kijana kwa sikio, nikawatukana wote, nikalia huku nawatukana. Wakaachia. Mmoja aliokota kofia, akaipangusa, akasema, "Samahani babu, tulidhani..." Mzee akamwambia si kitu.

Bibi Shanta alikataa kukaa naye kwenye bajaji. Nilikaa naye mimi nyuma, ananishika kidole kwa nguvu, na mzee akabanana na dereva mbele. Kifungo kimoja cha shati lake kilikuwa kimeng'oka. Mtu anayeuza vifungo!

Tulipofika nilimpandisha Bibi, nikamkalisha kwenye kiti chake, nikampa maji. Mzee alibaki mlangoni, nje, kwenye kibaraza cha ngazi. Nikatoka, nikamrudishia mlango Bibi, na nikamwambia Natvarlal yote. Rombo, ndege, Anselmi na mitego yake, karatasi ya kikombe, Hashimu, alfajiri, barua. Sikumficha hata kimoja. Nilikuwa naongea haraka, nikidhani nikimaliza nitapumua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu.

"Siku kumi na nne zilikuwepo?"

"Zilikuwepo."

Akatikisa kichwa. Nilisubiri anitukane. Matusi nilikuwa nayataka, ningeyapokea yote.

"Ungeniambia pale pale bwawani, Mama Lucky," akasema. "Ningecheka sana. Ndege! Ningemweleza Shanta, naye angecheka, siku ile alikuwepo. Halafu Jumatatu tungekwenda ofisini."

Mlango ukafunguka kidogo, Bibi Shanta akachungulia. Hakumtazama mzee. Alinitazama mimi, akaongea kwa sauti ya chini kama watu wanavyoongea mbele ya mgeni asiyetakiwa.

"Mama, huyo mtu bado yupo? Mwambie aende kwao." Akafunga, nikasikia komeo likipita.

Funguo alikuwa nazo mzee mkononi, lakini komeo liko ndani. Alizitazama, akazirudisha mfukoni, akakaa kwenye ngazi. Nikakaa na mimi, ngazi moja chini yake. Akaniambia niinuke, niende nyumbani, hakuna la kufanya.

"Na wewe?"

"Mimi nasubiri alale. Akiamka huwa amesahau, anafungua," akasema. Ilikuwa saa saba mchana.